Mashine inanguruma, sponji imesimama: tafuta ugonjwa kwenye sahani

Majuzi asubuhi, chini ya mwembe wetu hapa Chumbageni, Tanga, dogo ninayefanya naye kazi aliniita. "Kaka, mashine imekufa." Nikaenda kutazama. Mashine ya kupigia polishi magari inanguruma vizuri tu, spidi iko namba tano, boneti ya Noah nyeusi imeshapakwa dawa, lakini sponji haizunguki. Inatetemeka palepale kama mwenye homa. Dogo alishashika bisibisi, anataka kufungua kaboni za mota. Nikamwambia achomoe waya kwanza, kisha alaze mashine chali. Sahani aliyofunga ilikuwa ya inchi 6, ameiazima kwa jirani kwa kuwa ya kwetu imeisha velkro. Mashine yetu ni ya inchi 5.

Kisa hiki nakutana nacho kila mara, kwa mafundi wa Ngamiani na kwa wenye magari waliojinunulia mashine wapige polishi nyumbani. Shida ikitokea, lawama huenda kwenye mota, kwenye dawa au kwenye umeme, na sahani hakuna anayeitazama. Sahani ninayosema ni lile duara gumu lenye velkro upande mmoja, linalofungwa kwenye shafti likabeba sponji. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na mashine, lakini ikikosewa, mashine nzuri inageuka mzigo.

Jua kwanza una mashine gani

Chomoa waya. Zungusha sahani kwa mkono huku umekazia macho katikati yake. Ikiwa katikati imetulia na ukingo ndio unaokwenda, kama grenda, hiyo ni rotari. Ikiwa sahani nzima inachora kiduara na katikati yake inahamahama, hiyo ni mashine ya kuyumba. Za kuyumba nazo zipo za namna mbili. Ya kwanza, sahani ukiipiga kidole inazunguka yenyewe bila kushikwa na kitu. Ya pili imeungwa na gia, hata uikandamize vipi italazimika kuzunguka. Hiyo ya kwanza ndiyo imejaa mitaani, na ndiyo inayoongoza kwa kulalamikiwa.

Mashine za kuyumba hutofautiana kwa upana wa kuyumba, na mara nyingi namba imeandikwa ubavuni. Ya milimita 15 kwa kawaida hutoka kiwandani na sahani ya inchi 5, yaani milimita 125. Ya milimita 21 hutoka na inchi 6, milimita 150. Zipo na ndogo za inchi 3 kwa ajili ya nguzo za milango, vioo vya pembeni na kona za bampa. Iandike namba hiyo mahali, utaihitaji dukani.

Sponji inasimama ukiigusisha kwenye bodi

Kabla ya kutafuta sababu, chukua kalamu ya maka uchore mstari mnene mgongoni mwa sahani, kutoka karibu na katikati hadi ukingoni. Mashine ikiwa kazini jicho lako litauona mstari ukipita. Mzunguko ukifa utajua papo hapo, badala ya kusugua mlango mzima halafu ushangae mbona mikwaruzo ipo vilevile. Mashine ya kuyumba isipozunguka hukata kidogo mno. Inapaka dawa tu.

Sasa sababu, kwa mpangilio ninaoufuata mimi.

Naanza na ukubwa wa sahani. Inchi 5 na inchi 6 zinakaribiana mkononi, lakini piga hesabu ya eneo: 5 mara 5 ni 25, 6 mara 6 ni 36. Umeongeza asilimia 44 ya eneo kwenye mota ileile. Tena ukingo umesogea mbali na katikati, kwa hiyo msuguano unakaba zaidi, kama nati inavyolegea kwa urahisi ukishika spana ndefu. Mashine isiyo na gia haina cha kulazimisha sahani izunguke. Ikikabwa, inasalimu amri na kubaki kuyumba tu. Ndicho kilichompata dogo. Tulipotia sahani ya inchi 5 na sponji ya inchi 5 na nusu, boneti ileile, dawa ileile, mstari wa maka ulianza kupita.

Ukubwa ukiwa sawa, tafuta washa, kile kipete chembamba cha chuma kinachokaa kati ya sahani na shafti. Watu hukipoteza siku wanapobadilisha sahani: kinaanguka mchangani, mtu anadhani hakina kazi. Kazi yake ni kuiweka sahani mbali kidogo na mpira wa kinga ulio chini ya kichwa cha mashine. Kikikosekana, mgongo wa sahani unasugua mpira na mpira unakuwa breki. Dalili yake huwezi kuikosea: unga mweusi wa mpira mgongoni mwa sahani, na harufu ya tairi. Ila usikimbilie kuukata mpira kwa kisu. Kwenye baadhi ya mashine umewekwa uguse kidogo makusudi, sahani isiende mbio mashine ikiwa hewani. Rudisha washa kwanza uone. Na usirundike washa tatu ukidhani ndiyo dawa, maana bolti itabaki imeshika nyuzi mbili tu na sahani itakuja kukutoka kazini.

Halafu mkono wako. Mashine ya kuyumba inataka ilale bapa. Ukiinyanyua upande mmoja, uzito wote unakwenda kwenye ukingo na sponji inasimama, hasa kwenye bampa za IST na madigadi yenye mikunjo. Kuhusu kukandamiza, kuna zoezi la bure: weka mzani wa dukani mezani, kandamiza sponji juu yake mashine ikiwa imezimwa, mpaka isome kilo 5 hivi. Rudia mara kadhaa mpaka mkono ukariri. Wengi wetu tunakandamiza mara mbili ya hapo kisha tunasema mashine haina nguvu.

Mwisho sponji yenyewe. Ikishiba dawa na uchafu inakuwa nzito na inanata. Ipige brashi kila ukimaliza kipande, mashine ikiwa inazunguka taratibu. Kama una kompresa ya hewa, bora zaidi.

Ukimaliza yote haya na bado inasimama, chomoa waya, zungusha sahani kwa kidole, usikilize. Beringi nzima inateleza kimyakimya. Ikikwaruza kama ina mchanga, hapo ndipo bisibisi ya dogo inapata kazi.

Mashine inatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi

Mzee mmoja wa Raskazone alinijia na mashine ndani ya mfuko wa saruji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii. Nikiishika dakika kumi siwezi hata kuinua kikombe cha kahawa."

Mashine ilikuwa ya milimita 15, mpya, haina hata mwezi. Alikuwa ametoa sahani ya inchi 5 akafunga ya inchi 3 ili apitie kwenye nguzo za milango. Akili nzuri, ila ndani ya kichwa cha mashine ya kuyumba kuna kipande cha chuma kizito kilichofungwa upande mmoja, ambacho hupimwa kiwandani kilingane na uzito wa sahani na sponji zinazoyumba upande wa pili. Ukitia sahani nyepesi kuliko iliyokusudiwa, mzani unalalia upande mmoja. Ukitia nzito, unalalia upande wa pili. Vyovyote vile mtetemo unakuja mkononi mwako, kisha unahamia kwenye beringi.

Baadhi ya watengenezaji huuza sahani ndogo pamoja na kizito chake, unabadilisha vyote viwili. Bila kizito hicho, mashine ya milimita 15 iache na sahani yake, na nguzo za milango zifanye kwa kimashine cha inchi 3 au kwa mkono. Mzee alichagua mkono. "Nimestaafu," akasema, "haraka ya nini?"

Lakini kabla hujailaumu sahani kwa mtetemo, hakikisha sponji imekaa katikati. Ikisogea hata nusu sentimita tu inatetemesha mashine nzima. Mimi huitua, nainama, naitazama usawa wa macho, naizungusha kwa kidole. Sponji iliyooshwa ikawa haijakauka vizuri nayo hutetemesha, kwa kuwa maji hukusanyika upande mmoja. Hapa pwani sponji haikauki upesi kama watu wanavyodhani. Hewa yetu ina unyevu, na miezi ya masika unaweza kuianika kutwa nzima na ndani bado maji.

Sahani haiingii, au inaingia nyuzi mbili inakwama

Hapa ndipo pesa nyingi inapopotea. Sahani zinafanana kwa macho. Nyuzi zake hazifanani.

Rotari nyingi zinazofika kwetu, za Ulaya na za China, zina shafti ya M14, yaani kipenyo cha milimita 14. Rotari za soko la Marekani zina inchi 5/8 zenye nyuzi 11 kwa kila inchi, karibu milimita 16. Hizi mbili hazidanganyani sana: sahani ya M14 haiingii kabisa kwenye shafti ya 5/8, na ya 5/8 ikivishwa kwenye M14 inapwaya kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Kujua ulicho nacho, chukua nati ya grenda kubwa, ya diski ya milimita 115 au 125, uijaribu kwenye shafti ya rotari. Ikiingia laini kwa vidole, una M14. Usitumie nati ya grenda ndogo ya milimita 100, nyingi ya hizo ni M10.

Mtego uko kwenye mashine za kuyumba. Zipo zinazotumia M8 na zipo zinazotumia inchi 5/16 yenye nyuzi 24 kwa inchi. Inchi 5/16 ni milimita 7.94. Tofauti na milimita 8 ni ndogo mno, jicho haliioni wala kidole hakiihisi. Lakini hatua za nyuzi zinatofautiana: M8 ya kawaida hupanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko, ile ya inchi hupanda milimita 1.06. Kwa hiyo bolti inaingia mzunguko wa kwanza, wa pili, halafu inakaza. Fundi mwenye haraka anachukua spana, anaongeza nguvu, bolti inasogea. Anafurahi. Kumbe amekata nyuzi za shafti, na shafti ndiyo ghali.

Kipimo kipo chini ya boneti ya gari lolote la Toyota. Bolti nyingi zinazofunguliwa kwa spana namba 12 pale ni M8 ya hatua ya 1.25. Chomoa moja iliyo safi, uiingize kwa vidole kwenye tundu la shafti ya mashine. Ikizama mizunguko minne, mitano bila ubishi, ni M8. Ikikwama ya pili, iache hapohapo, hiyo ni ya inchi. Vidole tu, spana iwe mbali. Kisha rudisha bolti ya watu mahali pake. Nimewahi kusahau moja mfukoni na mteja ameshafika Muheza.

Zipo adapta za kugeuza nyuzi. Kwenye rotari nimezitumia zikafanya kazi, ingawa zinarefusha shafti na sahani inacheza kidogo. Kwenye mashine ya kuyumba sizitumii.

Sponji inaruka, au velkro imeyeyuka katikati

Joto. Velkro ni plastiki, na katikati ya sahani ndipo joto linapojikusanya kwa kuwa hewa haipiti. Sponji na sahani zenye tundu katikati huchelewa kuharibika. Ukiona vindoano vya velkro vimelala na kung'aa kama nailoni iliyochomwa, sahani hiyo imekwisha, usiibembeleze kwa gundi. Gundi ikilegea spidi namba tano, sponji utaifuata kwa jirani na sahani tupu imeshachora bodi.

Ukubwa nao unahusika. Sponji lazima izidi sahani pande zote: sahani ya inchi 5 ibebe sponji ya inchi 5 na nusu hadi 6, ya inchi 6 ibebe 6 na nusu hadi 7, ya inchi 3 ibebe 3 na nusu hadi 4. Zikilingana, siku ukiinamisha mashine kidogo ukingo mgumu wa sahani unagusa rangi. Sponji ikizidi kupita kiasi, pembeni hakuna kinachoishikilia, inapepea, inapinda na kuchanika.

Rangi imeungua au imebaki na utando wa buibui

Wengi wanaoleta gari lenye alama ya kuungua wametumia grenda. Naelewa kwa nini: shafti ya grenda ni M14, sahani ya rotari inaingia bila shida, na grenda kila gereji ipo. Nyuzi zimekubali, mwendo ndio umekataa. Grenda ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Rotari ya polishi unaiendesha kati ya 1,000 na 2,000, na nyingi mwisho wake ni 3,000 hivi. Piga hesabu: ukingo wa sponji ya milimita 150 kwa mizunguko 1,200 unakwenda kilomita 34 kwa saa, mwendo wa bajaji. Ifunge kwenye grenda, ukingo uleule unapita kilomita 300 kwa saa. Klia, ile tabaka angavu inayokaa juu ya rangi, kwenye gari lenye rangi ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50, nyembamba kuliko unywele. Kwenye kona na mikunjo ni nyembamba zaidi, ndiyo maana tunabandika tepu ya karatasi kabla ya kuanza. Mgongoni mwa sahani pameandikwa mwendo wa juu inaoruhusiwa. Ukiuvuka, si rangi tu itakayoumia, sahani yenyewe inaweza kupasuka usoni pako.

Wapo wanaoniuliza habari za mkonge, kwa kuwa Tanga bila mkonge haisemeki. Ni kweli magurudumu ya kung'arishia chuma hutengenezwa kwa mkonge, na yanafanya kazi safi kwenye chuma. Kwenye klia, thubutu.

Utando wa buibui, yaani vimikwaruzo vya duaraduara vinavyoonekana juani baada ya rotari yenye pedi ya manyoya, hauna uhusiano na sahani. Rudia kwa sponji laini na mashine ya kuyumba, dawa ya kumalizia, spidi ya wastani. Na fanya kivulini. Msimu wa kaskazi boneti iliyokaa juani dakika ishirini haishikiki, dawa inakauka kabla hujazunguka mara mbili, kisha unaanza kusugua unga mkavu. Kivuli chetu cha mwembe kina kasoro yake, utomvu, kwa hiyo tumetandika turubai juu.

Ikiwa sponji imetoka na rangi ya gari, simama. Kwenye gari lenye klia maana yake umeshaimaliza klia. Kwenye gari la rangi ya zamani isiyo na klia, sponji kupata rangi ni kawaida.

Moshi, au mashine haina nguvu tangu siku ya kwanza

Hapo sahani haina kosa. Soma kibati cha volti. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120, na umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja itanguruma kwa furaha nusu dakika, halafu moshi. Inataka transfoma ya kushusha, yenye uwezo wa wati kuzidi za mashine. Ikiwa volti ni sahihi na mashine bado imelegea, angalia ekstensheni: waya mwembamba wa mita 30 uliobaki umeviringishwa unakula umeme njiani na kupata moto. Utandue wote.

Ukienda dukani

Nenda na sahani ya zamani mfukoni, hata kama imeungua. Nenda na namba ya upana wa kuyumba. Jaribu nyuzi kwa vidole palepale kaunta, zungusha mpaka mwisho, na muuzaji akikwambia "hiyo inaingia tu, bosi, kaza kidogo", rudisha sahani yake kwa heshima. Kwa anayeanza, mwenye gari moja na uwanja wa nyumbani, ningemchagulia mashine ya kuyumba ya milimita 15 na sahani ya inchi 5. Ya milimita 21 inamaliza paa la Hiace upesi, ila kwenye gari dogo lenye mikunjo mingi utahangaika nayo.

Noah nyeusi iliondoka saa tisa alasiri. Sahani ya inchi 6 nilimrudishia jirani. Akacheka, akasema hata yeye mashine yake ni ya inchi 5, hiyo aliikuta tu kwenye boksi la vyuma chakavu.